Kizingiti Ni cha Nani? Shaka na Uchache wa Pikseli za Mafuriko katika Modeli za Kugawa Picha za Setilaiti

Ikisiri

Makala haya yanajadili matatizo mawili yanayozikabili modeli za kompyuta zinazochora mipaka ya mafuriko katika picha za rada: uchache wa pikseli za mafuriko zikilinganishwa na za nchi kavu, na shaka lililomo katika kila jibu la modeli. Kwa kawaida matatizo haya hujadiliwa katika sura mbili tofauti za ripoti. Hoja ya makala ni kwamba hayatengani. Uzito ambao mtaalamu huwapa wachache wakati wa mafunzo hupotosha uwezekano unaotolewa na modeli, na kwa vitendo huamua ni kosa gani linalovumilika zaidi. Uamuzi huo ni wa kisera, hata pale unapofanywa ndani ya mstari mmoja wa programu. Mifano inatokana na ukanda wa Maziwa Makuu.

Utangulizi

Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kusomba makazi mjini Uvira. Mwezi uliofuata maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiwango cha mwaka 1964, ambacho kwa zaidi ya nusu karne kilikuwa ndicho kilele kinachokumbukwa. Tarehe 2 na 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao magharibi mwa nchi, ambako mto Sebeya uliacha njia yake. Siku iliyofuata vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, katika eneo la Kalehe, Kivu ya Kusini, vilifunikwa na matope, na watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Huko Gatumba, nchini Burundi, maji ya Ziwa Tanganyika na ya mto Ruzizi yamewahamisha wakazi zaidi ya mara moja katika kipindi hichohicho.

Katika matukio yote hayo swali la kwanza la wasimamizi wa maafa ni moja: maji yamefika wapi? Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwezi Aprili 2014, hubeba rada inayopenya mawingu na kufanya kazi usiku na mchana, na picha zake hutolewa bila malipo. Tangu mwaka 2021 huduma ya dharura ya mpango wa Copernicus huchakata kila picha ya Sentinel-1 inayopokelewa na kutoa ramani ya mafuriko ya dunia nzima bila kusubiri kuombwa. Sambamba na huduma hiyo, vyuo vikuu na taasisi za utafiti hufunza modeli zao wenyewe, nyingi zikiwa zimejengwa juu ya muundo wa U-Net uliochapishwa mwaka 2015 na Ronneberger, Fischer na Brox wa Chuo Kikuu cha Freiburg. Muundo huo ulibuniwa kwa ajili ya picha za hadubini. Leo hii umekuwa chombo cha kila siku cha watu wanaochora mito, mashamba na barabara.

Kugawa picha, kwa maana inayotumika hapa, ni kuipa kila pikseli jina la kundi lake: hii ni maji, hii ni nchi kavu. Modeli haitoi jina moja kwa moja. Hutoa namba kati ya 0 na 1, kisha mtu huweka kizingiti, mara nyingi 0.5, na kila kilichozidi hapo hupakwa rangi ya buluu. Mshauri wa sera huletewa buluu. Namba zilizotangulia rangi hubaki kwenye kompyuta ya mtaalamu, na pamoja nazo hubaki karibu kila jambo ambalo mshauri huyo alipaswa kuliuliza.

Asilimia 98 isiyo na faida

Tuchukue kipande cha picha chenye pikseli 512 kwa 512, ukubwa unaotumika sana katika mafunzo. Hizo ni pikseli 262,144. Pikseli ya Sentinel-1 katika bidhaa ya kawaida ina upande wa mita 10, hivyo kipande chote kina eneo la kilomita za mraba 26 hivi. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba mafuriko yamefunika asilimia 2 ya eneo hilo. Tutakuwa na pikseli 5,243 za mafuriko, sawa na hekta 52, dhidi ya pikseli 256,901 za nchi kavu. Uwiano ni moja kwa 49.

Modeli isiyojua lolote, inayosema kila mahali ni pakavu, itakuwa sahihi kwa asilimia 98. Hekta 52 ambazo haikuziona zinaweza kuwa kijiji kizima na mashamba yake ya mpunga. Jambo hili linajulikana na wataalamu, na hakuna mtafiti makini anayetegemea usahihi wa jumla peke yake. Hata hivyo namba hiyo bado hujitokeza katika muhtasari wa ripoti kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo inayoeleweka upesi.

Kiini cha tatizo kiko ndani ya mafunzo yenyewe. Modeli hujifunza kwa kupunguza hasara, na katika kanuni ya kawaida ya hasara kila pikseli ina kura moja. Kura 49 zikisema kavu na moja ikisema maji, njia rahisi ya kupunguza hasara mwanzoni ni kuwaridhisha wengi. Ndipo zikabuniwa njia za kuwatetea wachache. Ya kwanza ni kuipa kila pikseli ya mafuriko uzito mkubwa zaidi. Ya pili ni kuchagua vipande vya mafunzo kwa upendeleo ili vile vyenye maji vitokee mara nyingi zaidi ya inavyotokea duniani. Ya tatu ni kanuni ya Dice, iliyoingizwa katika mafunzo ya mitandao ya neva na Milletari na wenzake mwaka 2016 kwa ajili ya picha za tezi dume. Yenyewe hupima kiasi ambacho eneo lililotabiriwa na eneo halisi yanapishana juu ya jingine, bila kujali ukubwa wa nchi kavu iliyobaki. Ya nne, iliyopendekezwa na Lin na wenzake mwaka 2017 kwa ajili ya kutambua vitu katika picha, hupunguza sauti ya pikseli rahisi: katika mpangilio wake uliozoeleka zaidi, pikseli ambayo modeli imeipatia jibu sahihi kwa uwezekano wa 0.9 hubakiwa na sehemu moja kwa mia ya hasara yake, na ile ya 0.5 hubakiwa na robo.

Zote hufanya kazi kwa maana ya kwamba modeli huacha kusema kavu kila mahali. Dice ina udhaifu wake katika vipande visivyo na mafuriko kabisa, navyo ndivyo vilivyo vingi: hapo pikseli moja iliyopakwa kimakosa huishusha alama kutoka juu kabisa hadi karibu na sifuri, na mafunzo huyumba. Lakini kasoro hizo za kiufundi hutibika. Kasoro isiyosemwa ni nyingine.

Uzito una bei

Turudi kwenye uwiano wa 1 kwa 49. Mtaalamu huipa pikseli ya mafuriko uzito wa 49 ili pande mbili ziwe sawa. Ni desturi iliyoenea, na programu nyingi hukokotoa uzito huo zenyewe. Je, namba inayotoka baada ya hapo ina maana gani?

Hesabu yake ni fupi. Ikiwa uwezekano halisi wa pikseli kuwa na maji ni p, modeli iliyofunzwa vizuri kwa uzito w hutoa namba iliyo sawa na wp ikigawanywa kwa jumla ya wp na 1 − p. Tuweke p = 0.02 na w = 49. Juu tunapata 0.98, chini tunapata 0.98 na 0.98 zikijumlishwa, na jibu ni 0.5. Maana yake ni kwamba pikseli yenye nafasi moja kati ya hamsini ya kuwa na maji inafika kwenye kizingiti na iko tayari kupakwa buluu. Tukienda kinyume, pikseli ambayo modeli inaitangaza kwa 0.9, na ambayo msomaji wa ramani ataielewa kuwa karibu yakini, ina uwezekano halisi wa 0.155.

Ramani ya namna hiyo haikosei katika kupanga. Pikseli yenye 0.9 bado ina nafasi kubwa ya kuwa na maji kuliko yenye 0.5. Kinachopotea ni maana ya namba. Mtu anayeikuta namba hiyo ofisini hana njia ya kujua kwamba imeongezwa, isipokuwa ameambiwa uzito uliotumika.

Sasa tulitazame jambo hilohilo kutoka upande wa gharama. Nadharia ya maamuzi husema kwamba, ikiwa kuacha pikseli yenye mafuriko kunagharimu mara k ya kupaka pikseli kavu kimakosa, kizingiti kinachofaa kwa uwezekano halisi ni 1 ikigawanywa kwa 1 + k. Kwa k = 49 kizingiti ni 0.02. Hii ni ileile tuliyoipata kwa kutumia uzito wa 49 na kizingiti cha 0.5. Kwa maneno mengine, aliyeweka uzito huo ametangaza, pengine bila kukusudia, kwamba kukiacha kijiji majini ni kubaya mara 49 kuliko kutuma mtumbwi mahali pakavu.

Huenda ni kweli. Huenda inapaswa kuwa mara 200, au mara 5. Kinachotia wasiwasi ni mahali namba ilikotoka. Imetokana na wingi wa nchi kavu katika picha za mafunzo. Kama mtaalamu huyo angekusanya picha zake karibu zaidi na ziwa, mahali ambapo mafuriko yanafunika asilimia 10 ya kila kipande, programu yake ingempa uzito wa 9, na thamani ya kijiji mbele ya mtumbwi ingeshuka zaidi ya mara tano. Hakuna waziri wala mkuu wa wilaya aliyeulizwa. Sera imebadilika kwa sababu fremu ya picha imesogezwa.

Hatusemi kwamba uzito usitumike. Modeli kubwa yenye data kidogo huhitaji msaada ili iweze kuyaona maji kabisa, na mafunzo yasiyo na upendeleo wowote huweza kukwama. Pendekezo ni kuvitenganisha vitu viwili ambavyo vimeunganishwa kwa mazoea. Upendeleo utumike katika mafunzo kadiri unavyosaidia, kisha namba zirudishwe kwenye uwezekano halisi. Halafu kizingiti kiwekwe hadharani, na mtu mwenye mamlaka ya kukiweka.

Kurudisha huko kuna njia sahihi na njia inayofanana nayo. Guo na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba mitandao ya kisasa hujiamini kupita kiasi, wakapendekeza dawa nyepesi: kugawanya alama ghafi za modeli kwa namba moja iliyopatikana kutoka kwenye data ya majaribio. Dawa hiyo imesambaa sana. Haitibu ugonjwa tunaouzungumzia. Uzito wa 49 husogeza alama ghafi kwa kujumlisha logi asilia ya 49, yaani takriban 3.89, na kilichosogezwa kwa kujumlisha hakirudi kwa kugawanya. Pikseli iliyotoka na 0.5 ina alama ghafi ya sifuri. Ukiigawa sifuri kwa namba yoyote unabaki na sifuri, na pikseli inabaki 0.5 ilhali ukweli wake ni 0.02. Ni lazima kwanza kutoa 3.89, au kukadiria kwa pamoja namba ya kutoa na namba ya kugawanya. Kwa Dice hakuna fomula safi ya kurudi nyuma. Modeli zilizofunzwa kwa Dice huelekea kutoa 0 au 1 na vichache katikati, hivyo marekebisho hutegemea kabisa data ya majaribio, nayo iwe na uwiano wa maji na nchi kavu unaofanana na wa mahali ramani itakapotumika.

Shaka la kitu na shaka la mjuzi

Tangu kazi ya Kendall na Gal ya mwaka 2017, imekuwa kawaida katika taaluma ya kuona kwa kompyuta kutofautisha aina mbili za shaka. Moja linatoka katika kitu chenyewe: picha haina habari ya kutosha, na hata mjuzi kamili angesita. Jingine linatoka katika ujinga wa modeli: habari ipo, lakini modeli haijawahi kufunzwa kwa mifano ya namna hiyo. Tofauti hii si ya kifalsafa tu, kwa sababu kila moja lina tiba yake na bajeti yake.

Ukanda wetu una mifano tele ya aina ya kwanza. Maji tulivu huonekana meusi katika picha ya rada kwa kuwa huakisi mawimbi mbali na setilaiti kama kioo. Lakini kivuli cha rada nyuma ya mlima nacho ni cheusi, na nchi ya vilima kama Kivu na magharibi ya Rwanda imejaa vivuli hivyo. Uwanja laini wa ndege ni mweusi. Mchanga mkavu ni mweusi. Upepo ukivuruga uso wa ziwa, maji hung'aa na kufanana na nchi kavu. Mjini, mawimbi hugonga maji kisha ukuta wa nyumba na kurudi kwa nguvu, hivyo mtaa uliofurika unaweza kuonekana mwangavu zaidi kuliko kabla ya mvua. Vilevile, ingawa pikseli ina mita 10, uwezo halisi wa rada hiyo kutenganisha vitu katika bidhaa ya kawaida ni takriban mita 20. Mpaka wa maji unaochorwa kwa wembe kwenye ramani ni mstari ambao picha haikuuona.

Kwa aina ya pili, mfano ulio wazi ni mafunjo. Kwenye vinamasi vinavyozunguka Ziwa Victoria, maji yaliyo chini ya mimea mirefu hurudisha mwangwi mkali kwa njia ileile ya kugonga mara mbili. Habari ya mafuriko ipo katika picha, hasa ikilinganishwa na picha ya kabla. Modeli iliyojifunza kwamba maji ni meusi haitaiona. Hazina ya mafunzo inayotumika sana, Sen1Floods11 ya mwaka 2020, ina vipande 4,831 kutoka matukio 11 ya mafuriko, na ni vipande 446 tu kati yake vilivyowekewa lebo kwa mkono. Afrika inawakilishwa na Ghana, Nigeria na Somalia. Maziwa Makuu hayamo. Waandaaji wake walifanya jambo jema la kuiweka Bolivia kando kama mtihani wa mahali pasipojulikana; wanaoitumia hazina hiyo kwa Gatumba au Kisumu wanapaswa kufanya mtihani wa namna hiyo kwa mahali pao.

Njia iliyozoeleka ya kupima ujinga wa modeli ni kufunza modeli kadhaa, tuseme tano, zinazotofautiana kwa namba za kuanzia, na kutazama kama zinakubaliana. Lakshminarayanan na wenzake waliieneza mwaka 2017. Gal na Ghahramani, mwaka mmoja kabla, walikuwa wameonyesha njia ya bei nafuu: modeli moja inayozimwa baadhi ya viungo vyake kwa bahati nasibu na kuulizwa mara nyingi. Tuchukue pikseli mbili ambazo wastani wa modeli tano ni 0.5. Katika ya kwanza zote tano zinasema karibu 0.5. Katika ya pili mbili zinasema 0.03 na tatu zinasema zaidi ya 0.8. Ramani ya wastani huzipaka rangi moja. Kumbe ya kwanza inahitaji chombo kingine cha kupimia au mtu wa kwenda kuangalia, kwa maana picha imefikia mwisho wa uwezo wake. Ya pili inahitaji mifano zaidi ya mafunzo kutoka mahali hapo, kazi ambayo inaweza kufanywa kiangazi kabla ya mvua.

Njia hii ina mpaka ambao wauzaji wa modeli huuruka. Modeli tano zilizolelewa na data moja hurithi upofu mmoja. Zote zikiwa hazijawahi kuonyeshwa mafunjo yaliyofurika, zote zitasema 0.01, zitakubaliana kikamilifu, na ramani ya shaka itaonyesha utulivu mahali penye maji. Makubaliano ya wasiojua hayaongezi ujuzi. Ndiyo maana utaratibu wa Copernicus unastahili kuigwa katika jambo moja: ramani yake hutokana na kauli za algoriti tatu zilizoundwa na taasisi tatu tofauti, za Ujerumani, Luxembourg na Austria, kwa mbinu zisizofanana, na huambatana na tabaka maalumu linaloonyesha maeneo ambayo rada haiwezi kuyasomea mafuriko. Kusema "hapa sioni" ni habari. Ramani nyingi za kitaasisi huipaka sehemu hiyo rangi ya nchi kavu.

Kuna pia shaka la wakati, ambalo vitabu vya modeli havilitaji kwa kuwa halimo ndani ya picha. Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Sentinel-1B iliharibika mwezi Desemba 2021, na kwa miaka iliyofuata maeneo mengi yalibaki na setilaiti moja. Mto wa milimani hupanda na kushuka kwa saa chache. Modeli inaweza kusema kavu kwa yakini ya haki kabisa kuhusu siku ya nne baada ya maji kuondoka. Ramani isiyoandikwa saa ya picha mahali panapoonekana haina budi kusomwa kama ramani ya wakati usiojulikana.

Vipimo vinavyoficha

Hapa matatizo mawili yanakutana tena, na mahali pa kukutana pamefichika. Ili kujua kama uwezekano wa modeli ni wa kuaminika, watafiti hukusanya pikseli zote zilizopewa, kwa mfano, 0.7 na kuangalia kama kweli saba kati ya kumi zilikuwa na maji. Tofauti za vikundi vyote hukusanywa katika namba moja ya wastani. Lakini pikseli 98 kati ya 100 ni za mlimani na mbugani, mbali na maji yoyote, ambako modeli inasema 0.001 na ni kweli. Hizo huuvuta wastani kuelekea sifuri. Modeli inaweza kupotosha vibaya katika ukanda wote wa kingo za mto, ndiko waliko watu, na bado kutangazwa kuwa na kosa dogo mno la uwezekano. Ugonjwa wa asilimia 98 umehamia kwenye kipimo kilichokusudiwa kuutibu.

Kipimo cha uaminifu kinafaa kufanywa kwa kila kundi peke yake, na kwa mikanda inayojulikana kuwa migumu: mita mia chache kutoka kwenye mpaka wa maji, vinamasi, makazi, miteremko. Pia hesabu ya ushahidi ifanywe kwa matukio. Pikseli jirani hufanana kama ndugu, na kugawanya pikseli za tukio moja baadhi ziwe za mafunzo na nyingine za mtihani ni kumpa mwanafunzi mtihani aliokwisha kuuona. Mtafiti mwenye matukio 11 ana vielelezo 11 huru vya namna modeli itakavyofanya katika tukio la 12, hata kama ana pikseli bilioni moja.

Ramani iwafikie watumiaji ikiwa nini

Watumiaji wa ramani moja hawana kizingiti kimoja. Timu ya uokoaji, ambayo kosa lake dogo ni safari ya bure, inaweza kuamua kwamba kuacha kaya ni kubaya mara 19 kuliko safari hiyo. Kizingiti chake ni 0.05. Ofisi inayolipa fidia kwa fedha za umma inaweza kuona makosa yote mawili yana uzito sawa, ikatumia 0.5, na kwa maeneo ya katikati ikatuma mkaguzi. Mwanatakwimu anayetafuta jumla ya hekta hahitaji kizingiti hata kidogo. Pikseli 1,000 zenye uwezekano wa 0.1 kila moja zinatarajiwa kuwa na pikseli 100 za mafuriko, yaani hekta 1. Kwa kizingiti cha 0.5 zinahesabiwa kuwa sifuri. Kwa kizingiti cha 0.02 zinahesabiwa kuwa hekta 10. Makisio matatu ya eneo moja, kutoka modeli moja, na mzozo wa namna hiyo kati ya ofisi mbili unaweza kudumu miezi bila yeyote kuwa amekosea hesabu.

Kwa sababu hiyo taasisi inayoagiza ramani iombe uwezekano wenyewe, uliorekebishwa, pamoja na tabaka la maeneo yasiyosomeka na saa ya picha. Ramani ya rangi moja itolewe kama nakala ya matumizi fulani yaliyotajwa, kwa kizingiti kilichoandikwa pembeni. Katika hadidu za rejea za zabuni, mshauri wa sera hahitaji kuelewa muundo wa mtandao wa neva ili aweke masharti manne yafuatayo: uzito au upendeleo uliotumika katika mafunzo utajwe, ielezwe jinsi ulivyoondolewa, kipimo cha uaminifu kitolewe kwa kingo za maji na kwa vinamasi pasipo kuchanganywa na nyanda kavu, na angalau tukio moja la ukanda wetu liwekwe kando bila kuguswa hadi siku ya mtihani. Sharti la mwisho ndilo ghali, kwa kuwa linadai lebo zilizowekwa na watu wanaoijua ardhi. Vyuo vikuu vya Bujumbura, Bukavu, Kigali na Kampala vina wanajiografia wanaoweza kuitofautisha mbuga ya mafunjo na shamba la mpunga kwa kutazama tu, na gharama ya kuwalipa kwa msimu mmoja hailingani na ya kurusha hata kipande cha setilaiti.

Uwiano wa gharama, ile k, unabaki. Mtaalamu hawezi kuupata katika data, na asilazimishwe kuubuni. Inafaa mamlaka ya maafa ya kila nchi iuweke kwa maandishi kabla ya msimu wa mvua, tofauti kwa uokoaji na tofauti kwa fidia, na iupitie upya baada ya kila tukio kubwa. Mabonde ya Ruzizi na Kagera yanavuka mipaka, kwa hiyo nchi zinazoyamiliki kwa pamoja zitalazimika ama kukubaliana namba moja au kuchapisha mbili kando kwa kando, ili mtumiaji aone kwamba mstari wa buluu unaokatika mpakani umekatwa na kizingiti na hakuna maji yaliyosimama pale.